Koti la Kumwingiza Bibi Harusi

"Piano ina pedali, haina?" Fundi aliuliza, amesimama katikati ya kikao cha harusi, mbele ya ndugu wa pande zote mbili. "Basi. Mimi nakanyaga cherehani tangu sijaota ndevu. Wimbo wa kumwingiza mwanangu ukumbini nitaupiga mimi mwenyewe, tena kwa kusoma noti, si kwa kubahatisha."

Hakuna aliyekuwa amemwomba. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye spika za kukodisha, alikuwa ametoka kusema kwamba muziki wote ataleta yeye, bure, zawadi kwa mpwa wake. Hilo neno "bure" ndilo lililomchoma Fundi. Mtu anaweza kuvumilia mengi kutoka kwa shemeji, lakini si ukarimu.

"Sawa, shemeji," akasema mwenye spika, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda. "Nitazileta tu, nizifunike kitambaa pembeni. Ukikwama, nabonyeza."

"Zilete. Zitakaa na wageni wengine, zisikilize."

Bibi harusi mtarajiwa alimtazama mama yake. Mama alitazama dari.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na piano kuukuu jukwaani, na mwalimu aliyefundisha hapo kila alasiri, msichana wa rika la bibi harusi. Hapo adabu ikapata kazi ngumu: Fundi amwite "mwalimu", mwalimu amwite "baba", halafu baba agombezwe.

"Baba, samahani, mguu."

"Mguu umefanya nini?"

"Unakanyaga."

"Si ndiyo pedali?"

"Hii inarefusha sauti tu, baba. Haiendeshi kitu."

Fundi alisikitika. Mashine kubwa vile, na pedali yake haiendeshi kitu! Aliahidi kuacha. Mguu ukaendelea, maana wenyewe haukuahidi. Akiuzuia, vidole navyo vinasimama kama umeme umekatika. Mwishowe mwalimu akachoka kugombana na mguu wa mtu mzima, na sauti zikawa zinatoka zimeng'ang'aniana kama abiria mlangoni.

Noti, kwa upande wake, alizielewa haraka, na ubaya ni kwamba alijua amezielewa haraka. Ile mistari mitano aliisoma kama karatasi ya kukatia nguo. Noti ikipanda hatua moja, kidole kinapanda kibonyezo kimoja. Ikishuka mbili, kinashuka viwili. Majina yake aliyaona ni urembo.

"Nikijua nilipoanzia, mshono unakwenda wenyewe."

"Na unajuaje ulipoanzia, baba?"

"Do iko hapa." Akagusa kifungo cha pili cha shati lake. Kiti kikikaa mahali pake, kibonyezo kinachotazamana na kifungo hicho ndicho Do.

Mwalimu akamweleza kuhusu vibonyezo vyeusi. Tafuta viwili vilivyokaa peke yao; Do ni kile cheupe kinachogusana navyo upande wa kushoto. Inakuwa hivyo kwenye kila piano, hata ukija umevaa gunia.

"Mwalimu, kifungo hiki nimekishona mwenyewe. Hivyo vyeusi sijui nani kaviweka."

Nyumbani alifanya mazoezi juu ya meza ya kukatia, vidole vikigonga mbao. Siku moja binti akaja kusimama mlangoni.

"Baba, mjomba aweke wimbo wake tu, wewe unishike mkono tuingie wote."

"Unaniogopea?"

"Najiogopea mimi. Nataka nikiingia watu wanitazame mimi, wasikutazame wewe."

Fundi alivuta kitambaa cha kijivu, kile kizuri alichokuwa akikificha wateja wasikione, akaanza kujishonea koti. Kama watamtazama, basi wakute kitu.

Na koti lilikuwa kitu kweli. Mabega yamekaa, mfuko hauonekani hata ukiutafuta, vifungo safu mbili. Siku ya harusi shemeji alilishika ukosi, akaupapasa, akaondoka bila kusema neno. Kwa shemeji, hiyo ni hotuba.

Fundi akapanda jukwaani. Kiti hakukigusa, kilikuwa mahali pake. Akainamisha macho, akatafuta kifungo chake, akaweka kidole gumba mbele yake. Koti la safu mbili halina kifungo katikati ya kifua. Viko pembeni, na yeye aliyevishona alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Kile alichokifuata kilikuwa cha safu ya kushoto. Kidole kikatua vibonyezo viwili kushoto mwa Do. Akaanzia La.

Kutoka hapo hakukosea hata hatua moja. Hilo ndilo tatizo. Wimbo wa shangwe, ukianziwa hapo na kupigwa kwa vyeupe vitupu, kwa uaminifu ule, unatoka kama rambirambi, na mguu nao unakanyaga, unaurefusha.

"Baba, umeanzia La," mwalimu aliyekaa kumfungulia kurasa akanong'ona.

"Ulisema nisitoe macho kwenye karatasi."

Tena fundi haachi mshono katikati. Anamaliza, ndipo anafumua.

Mlango ukafunguka. Shemeji alikuwa na kidole juu ya swichi. Bibi harusi akasikia wimbo, hatua zikapungua zenyewe. Shangazi wa mbele akaanza kulia. Mama akafuata. Upande wa bwana harusi, wasionekane hawana utu, nao wakalia. Shemeji akatoa kidole kwenye swichi, akajifuta macho kwa kitambaa cha spika.

"Shemeji," akasema baadaye, pua imejaa, "sisi tulidhani unataka kujionyesha. Kumbe unaumia hivyo."

Mwalimu alimtazama Fundi. Fundi alitazama kifungo.

"Mzazi hawezi kuficha," akasema.

Binti alimvutia pembeni. "Baba, ulikuwa unaniozesha au unanizika?"

"Walinitazama mimi?"

"Hakuna aliyemtazama mtu. Wote walikuwa wanatafuta leso."

"Sasa unalalamika nini?"

Hivi leo anajua Do ilipo, anaipata hata gizani, na akivaa shati huo wimbo anaupiga ukachekelea. Lakini hakuna anayeuulizia. Jirani aliyefiwa ndiye aliyekuja wa kwanza, akamwomba ule wa harusi, vilevile kama ulivyokuwa. Wakafuata wengine. Koti linaning'inia karibu na mlango wa duka, limepigwa pasi.

Msiba mmoja ni shilingi elfu arobaini.