Kifuniko cha Pikapu ya Coy Ledbetter

Upepo wa kaskazini-magharibi mwa Oklahoma haupumziki, na mwenye pikapu kubwa huulaani kila anapotia mafuta. Coy Ledbetter aliulaani miaka mingi. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe, mwembamba, si msemaji, shemasi wa kanisa la Baptisti. Pikapu yake ya silinda nane ilibugia petroli kana kwamba tangi lina tundu.

Aliyemshawishi kuitengeneza ni Delmer Prigmore, rafiki yake tangu shuleni, mwenye gereji nyuma ya maghala ya ngano. Kipindi chote cha baridi walishinda gereji wakibishana na kucheka. Waliyang'oa matairi mapana yenye meno, ambayo Coy aliyaringia, wakafunga membamba ya lami na kuyajaza upepo sawasawa. Chini ya bampa la mbele walifunga ubao wa kuzuia upepo usivurugike uvunguni. Kisha Delmer akaunda kifuniko cha bati jepesi kulifunika bodi la nyuma, ili upepo uteleze juu yake badala ya kujikusanya mle ndani na kulivuta gari.

Coy naye alijifunza kuendesha upya: hakukanyaga mafuta kwa pupa, na aliachia mapema kabla ya kusimama. Mkewe Lorene alimtania, "Coy, kobe yule katupita tena."

Kiangazi kilipofika wakaingia mashindano ya maonyesho ya wilaya: tangi moja, atakayefika mbali zaidi ndiye mshindi. Waamuzi walijaza matangi na kuziba vifuniko vyake kwa lakiri. Delmer alikuwa amefunga sanduku la vifaa ndani ya bodi, akisema gari lisitoke bila jeki na spana. Hakuna aliyelifungua.

Mmoja mmoja washindani wengine walizimikiwa njiani. Coy aliendelea tu, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuogopa. Alipozimikiwa mwishowe, mbali kuliko wote, na watu wakamfuata, alishuka, akavua kofia, akalia mbele za watu. Delmer alimkumbatia.

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha kanisa, Coy alisimama akatoa ushuhuda wa kile kifuniko cha bodi. Baada ya hapo maombi ya vifuniko yalimiminika gerejini, na sura ya Coy ikabandikwa kwenye bango la barabarani. Imogene Stroud, mjane aliyesafiri mbali kila wiki kwenda kusafishwa damu hospitalini, kwa pikapu kuukuu ya marehemu mumewe, alimvuta kando uwanjani pa kanisa.

"Coy, hiki kitu kinafaa kweli?"

"Bi Imogene, nimekiendesha mwenyewe."

Mama huyo akauza tandiko la farasi la mumewe, akanunua.

Baridi ilirudi, na pikapu ya Coy haikukaribia tena ule umbali wa siku ya mashindano. Delmer alisingizia baridi, upepo, petroli ya msimu. Coy alimwamini. Majira ya kuchipua alisikia harufu ya petroli, akaingia uvunguni kutafuta panapovuja. Kwenye mpira unaopeleka mafuta tangini alikuta kiungo cha njia tatu, njia moja imezibwa kwa bolti na inatona. Juu yake, kwenye sakafu ya bodi, pametobolewa tundu na kuzibwa kwa mpira mweusi, mahali palepale lilipokaa sanduku la vifaa. Lile sanduku lilikuwa tangi la pili.

Lorene alimwita chakula. Coy alibaki amelala chali juu ya kokoto, petroli ikimdondokea begani, akielewa kwamba alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena na mtu aliyemsimamia harusi yake.

Coy alipomfuata gerejini, Delmer hakukana. Alikuwa akifuta mikono kwa tambara, na aliendelea kuifuta.

"Ulishinda, au hukushinda?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi. Watu wananijua mimi, Coy. Mimi nikisema, wanacheka. Nilihitaji mtu asiyejua kusema uongo."

Coy alirudi nyumbani akakifungua kile kiungo. Kesho yake asubuhi, katika mkahawa wa Nadine, wakulima wakiwa kwenye kahawa yao, aliweka kile kiungo mezani akaeleza yote. Wengine walitazama vikombe vyao. Mzee mmoja akamwuliza taratibu, "Gari lako, tangi lako, nawe hukujua?" Na Coy aliona kwamba hata aape vipi, wapo watakaokufa wakiamini alijua.

Waliodai chao Delmer aliwarudishia, ila alishikilia kwamba kifuniko kinapunguza kidogo ulaji wa mafuta. Ni kweli kilipunguza. Hilo ndilo lililomuuma Coy kuliko yote: wangeshindwa kwa haki, wangebaki na kitu chao cha kujivunia.

Alijiuzulu ushemasi. Kisha akaenda kwa Imogene, akasimama barazani kofia mkononi.

"Delmer sikumwamini hata siku moja," mama alisema. "Niliyemwamini ni wewe."

"Najua, mama."

Akamwomba ruhusa ya kumpeleka hospitali kwa gari dogo la Lorene. Mama akamfungia mlango. Wiki ya pili alikuta tena mlango umefungwa. Wiki ya tatu mama alitoka na mkoba wake, akaketi kiti cha nyuma kana kwamba amekodi teksi, wakaenda hospitalini.

Siku moja wakirudi walipishana na Delmer barabarani. Kule kila dereva humsalimu mwenzake kwa kuinua kidole kutoka kwenye usukani, hata akiwa mgeni. Delmer aliinua chake. Kidole cha Coy kikainuka chenyewe, kwa mazoea ya maisha mazima, kabla hajakizuia. Aliona aibu hata masikio yakawaka mekundu.

Imogene alikuwa amekiona kile kidole, na yale masikio pia. Akasema, "Simama hapo mbele, Coy. Nataka kuja kukaa kiti cha mbele."