Kichwa cha Mbuzi wa Idd

Leo nimebabua kichwa cha mbuzi, na harufu ya nywele zinazoungua imenirudisha uani kwa bibi, Pangani, asubuhi ya Idd.

Bibi hakuwa na meno, kwa hiyo ubongo wa mbuzi ulikuwa haki yake. Kazi ya kuutoa ilikuwa yangu. Nilikipasua kichwa kwa shoka nikautoa mzima, bila hata kuuchubua, na hakuna mtoto mwingine pale uani aliyeweza hivyo. Nikauweka kwenye sahani, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameukata katikati kwa wembe, anauchungulia.

Nilifurahi. Nilijua leo atachapwa.

"Bibi, njoo uone alichokufanyia huyu!"

Bibi akaja, akachutama kando yake. "Haya mjukuu wangu, umeona nini humo?"

Mdogo wangu akaeleza mikunjo na vijishipa, kidole kikitembea, na bibi akasahau njaa. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama nini? Kaoshe masufuria."

Asubuhi hii mama alinitumia picha: mdogo wangu amevaa joho, anapongezwa pamoja na wanawake wenzake wanaotafiti ubongo wa binadamu. Nilijibu kwa vimaua vitatu, basi.

Sasa nimekipasua kichwa. Ubongo umetoka mzima, kama zamani. Nikachukua kisu, nikaukata katikati, nikautazama mpaka chai yangu ikapoa.

Hakuna aliyeniuliza nimeona nini.