Macho Mawili ya Odeta, Mchambuzi wa Almasi wa Mirongo

Asubuhi, kabla jua halijawa kali juu ya majabali ya Mwanza, Odeta Ponsian anavuta kiti chake karibu na dirisha. Mezani kuna karatasi nyeupe aliyoikunja katikati hadi ikafanya bonde jembamba. Ndani ya bonde hilo anapanga almasi ndogo ndogo kifudifudi, ncha zikitazama dari.

Kisha anafanya jambo linalomshangaza kila mgeni. Anaziba jicho la kushoto kwa kiganja, anatazama. Anaziba la kulia, anatazama tena. Anaguna, anahamisha jiwe moja kwa kibanio, halafu anacheka peke yake.

"Hayapatani haya," anasema, akimaanisha macho yake.

Odeta ana umri wa miaka 54 na ni mchambuzi wa almasi katika duka la sonara lililopo Mirongo, jijini Mwanza. Kazi yake, ukiitazama vizuri, ni kutofautisha nyeupe na nyeupe. Almasi nyingi ambazo mimi na wewe tungeziita nyeupe zina unjano kidogo ndani yake. Ukiliona jiwe moja peke yake huudhani unjano huo, lakini yakiwekwa mawili bega kwa bega, moja linamuumbua mwenzake.

Jicho lake la kulia lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho miezi michache iliyopita, na sasa linaona kila kitu. La kushoto bado lina ukungu, na Jumatano ijayo nalo limepangiwa upasuaji. Tatizo ni kwamba mwajiri wake angependa liachwe kwanza kama lilivyo. Odeta anajua kazi hii moja tu, na hilo linamkosesha usingizi.

Duka ni dogo. Mbele kuna kabati la vioo lenye pete na mikufu, nyuma kuna meza ya fundi anayepachika mawe, na katikati kuna dirisha la Odeta. Ukuta ulio mbele yake umepakwa chokaa nyeupe na hauruhusiwi kutundikwa hata kalenda, maana rangi yoyote iliyo karibu hurukia kwenye jiwe.

Kwa sababu hiyo hiyo mama huyu huvaa kijivu siku zote za kazi. Ana magauni ya kijivu matano. Vitenge vyake vya njano na machungwa hubaki kabatini mpaka Jumapili.

"Majirani kule Igogo walidhani nina msiba usioisha," anasema. "Mmoja aliniletea mchele na pole. Nikapokea, nimrudishie vipi?"

Dukani wana majina yao wenyewe. Jiwe lisilo na rangi kabisa wanaliita maji. Lenye unjano wa kudhaniwa tu ni maji ya mchele. Lenye unjano ambao hata mpita njia anauona ni chai, na chai hainunuliwi hapa.

Ugomvi wote uko kwenye maji ya mchele. Jiwe la namna hiyo likipachikwa kwenye dhahabu ya njano, dhahabu huumeza unjano wake na hakuna anayeuona. Likipachikwa kwenye dhahabu nyeupe, linaumbuka mchana kweupe. Mchambuzi ndiye anayeamua lipi liende wapi na lipi lirudishwe kwa muuzaji.

Odeta alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, kwenye nyumba ya mkulima wa kahawa. Alichambua kahawa pamoja na mama yake tangu akiwa hajaanza shule. Baadaye alivuka ziwa kwa meli akiwa mke wa fundi seremala, na mumewe alipofariki akatafuta kazi ya usafi na kung'arisha mapambo ya fedha katika duka hilo la sonara. Mwenye duka, Mzee Luhende Mihayo, alimwona akipanga shanga za maonyesho bila kukosea rangi, akamketisha dirishani na mawe matatu ya mfano. Alimfundisha kwa muda mrefu na kwa kelele nyingi.

"Kwenye kahawa, punje mbaya unatupa," anasema Odeta. "Almasi nayo ukitupa kila yenye kasoro, unabaki na karatasi tupu. Hilo lilinisumbua sana kulielewa."

Alielewa, na kwa miaka mingi hakukuwa na lalamiko. Mshahara wake, ambao sasa ni shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, ulimsomesha bintiye Selina mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Mambo yalianza kuharibika mwaka jana, alipokuja mteja aitwaye Teodora, mwalimu wa sekondari, na kisanduku cha hereni alizokuwa amezichukua siku chache nyuma. Alisalimia kwa adabu zote, akaziweka hereni juu ya kabati la vioo.

"Mzee, shikamoo. Hizi si pacha," alisema. "Moja ni kama imeoshwa kwa maji ya kisima."

Luhende alizitazama mara moja tu, akamsogezea Odeta. Odeta aliyezichagua alizitazama mara nyingi.

"Nikaona pacha. Nikatazama tena, pacha," anakumbuka. "Nilijua si hereni zenye shida, ni mimi."

Hospitali walimweleza kwamba lenzi za macho yake zilikuwa zimegeuka njano polepole kwa miaka, kama mtu anayetazama dunia kupitia glasi ya chai nyepesi. Unjano wa jiwe ulikuwa unapotelea kwenye unjano wa jicho. Yeye mwenyewe hakuwa na namna ya kugundua.

"Nilikuwa natafuta njano huku nimevaa njano," anasema.

Luhende alitengeneza hereni nyingine bila malipo na akachangia gharama za upasuaji wa jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, Odeta alirudi nyumbani Igogo, akasimama katikati ya sebule na kushika kiuno.

"Selina, nani kapaka kuta rangi hii?"

"Mama, hazijapakwa tangu tuhamie."

"Waitu!" alishangaa kwa Kihaya. "Basi tumeishi kwenye uchafu."

Selina anasimulia kwamba wiki ile mama yake aliosha kila kitu kinachoosheka na kingine kisichoosheka. Aliyatazama masufuria, akautazama mlima wa jirani, akaitazama ngozi ya mikono yake mwenyewe na kuuliza makunyanzi yale yamefika lini. Halafu aliziba jicho jipya akatazama kwa lile la zamani, na dunia ikarudi kuwa chai. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka bintiye akamsihi aache.

Kazini, jicho jipya lilileta balaa la aina yake. Kila jiwe alilolinyanyua lilikuwa na unjano. Mawe ambayo duka limekuwa likiyapachika kwa miaka yote sasa aliyaona yanapiga kelele. Alirudisha pakiti ya kwanza kwa muuzaji, akarudisha ya pili, na fundi mpachikaji akabaki anang'arisha bangili za fedha kwa kukosa kazi.

Luhende, Msukuma wa Misungwi mwenye miaka 67 na sauti isiyojua kunong'ona, alivumilia kadiri alivyoweza. Mwishowe alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Mama Selina, pete zangu anavaa nani? Binadamu au malaika?"

"Mzee, njano ninaiona."

"Najua unaiona. Hata mimi sasa umeniambukiza, naiona mpaka kwenye ugali. Nataka uniambie ipi inavumilika. Kama huwezi tena, mimi nitakaa hapo dirishani, wewe urudi kung'arisha fedha."

Odeta alikwenda nyumbani na maneno hayo na hakula. Hakumwona Luhende kuwa mkatili. Aliona kuwa ana haki, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kabla hajapata jibu, alifanya kosa ambalo hadi leo akilisimulia anashika shavu. Kijana aitwaye Shigela, fundi wa injini za boti hapo hapo Igogo, alikuwa amejikusanyia fedha kwa muda mrefu ili amnunulie mchumba wake pete. Alichagua jiwe lake, akaomba alione dirishani. Alilitazama kwa furaha ambayo kila mtu dukani aliiona.

"Mwanangu, hili lina unjano," Odeta alimwambia.

Alisema hivyo kwa nia njema. Shigela aliligeuza jiwe huku na huku, asione kitu, akaondoka na neno hilo kichwani. Siku iliyofuata alirudi na kuomba aoneshwe tena, na safari hii aliuona unjano kabla hajafika dirishani.

"Tangu uniambie, mama, sioni kitu kingine," alisema. "Na jeupe kuliko hili siliwezi. Bora niache tu."

Odeta anasema hajawahi kujisikia vibaya hivyo, hata siku ya hereni. Kwenye hereni macho yalimwangusha. Hapa aliona sawasawa kabisa, na akamharibia mtu furaha yake.

Aliketi, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, akalitazama jiwe la Shigela kwa jicho la zamani. Likawa jeupe, jeupe la kupendeza, kama kijana yule alivyoliona siku ya kwanza. Akaelewa kwamba hivyo ndivyo wateja wengi wanavyoona, na kwamba yeye alikuwa amesahau.

Alimwomba Shigela asubiri. Akampelekea fundi lile jiwe pamoja na fremu ya pete ya dhahabu ya njano, na jiwe lilipokaa mahali pake akampa kijana.

"Haya, nitafutie huo unjano."

Shigela alitoka nayo mpaka juani, akarudi ndani, akatoka tena.

"Umekwenda wapi?" aliuliza, kisha akaanza kucheka.

Mchumba wake, Rebeka, anaivaa pete hiyo mpaka leo. Hajawahi kusikia neno lolote kuhusu unjano, na Shigela ameomba asisikie, ndiyo maana majina yao katika simulizi hii si halisi.

Tangu siku hiyo Odeta akawa na utaratibu mpya. Kila jiwe hulipitisha kwanza kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Yote mawili yakiona unjano, hiyo ni chai na inarudi kwa muuzaji. La kulia likiona na la kushoto lisione, jiwe linakwenda kwenye dhahabu ya njano. Yote mawili yakishindwa kuona kitu, hayo ni maji. Meza ya fundi ikajaa kazi tena na Luhende akarudia utani wake wa zamani.

Ndiyo sababu tarehe ya upasuaji wa pili ilipotangazwa, mzee huyo hakufurahi.

"Sisemi asitibiwe," anajitetea, mikono nyuma. "Nasema asubiri msimu wa harusi upite. Mwezi wa kumi na mbili tuna kazi mpaka kooni. Hili jicho la kushoto limeokoa duka."

Lakini jicho la kushoto linazidi kufunga ukungu. Nyumba ya Odeta iko juu ya mwamba kule Igogo, na kuifikia lazima upande ngazi zilizochongwa kwenye jiwe. Jioni anapanda akiwa ameshika bega la Selina, kwa kuwa jicho moja humdanganya ngazi inapoanzia. Mwezi uliopita alianguka akachubuka goti. Daktari amemwambia kuwa akichelewa sana upasuaji utakuwa mgumu zaidi.

Leo, mawe ya asubuhi yakiwa yamekwisha kuchambuliwa, Luhende analileta tena suala hilo, safari hii kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake si la kawaida.

"Na likishakuwa jipya hilo nalo, nani atakayeniambia ipi inavumilika?"

Odeta anamwonyesha karatasi ya pili iliyo pembeni ya meza. Kumbe kwa majuma kadhaa amekuwa akifanya mazoezi kimya kimya. Analiziba jicho la kushoto tangu mwanzo, anachambua kwa la kulia peke yake, na mawe anayoyaona yana unjano lakini anadhani yanafaa anayaweka hapo. Baada ya hapo ndipo huyapitisha kwa jicho la zamani kuona kama limekubali.

"Mwanzoni mimi na jicho la zamani tulikuwa tunagombana kila siku," anasema. "Siku hizi tunaelewana zaidi ya nusu. Jana lilinikatalia mawe mawili tu."

Luhende anainama juu ya karatasi ile. Anayatazama mawe moja moja kwa lenzi ya mkononi, na fundi naye anaacha kusugua. Hatimaye anajinyoosha na kusema kuwa Jumatano yeye mwenyewe atakaa dirishani mpaka mama apone, na kwamba wateja watamsamehe kwa gauni la kijivu atakalokosa kuvaa.

Odeta anacheka, anayakunja mawe ndani ya karatasi na kuyafungia kwenye sefu. Anakiri kuwa anaogopa. Huenda mwanzoni akaona unjano kila mahali tena, na safari hii hatakuwa na jicho la kukimbilia. Akishindwa atarudi kung'arisha fedha, na amekwisha kumwambia Selina hivyo.

Alipoulizwa kwa nini basi asisubiri, alilifuta jicho lake la kushoto kwa ncha ya mtandio wake wa kijivu, taratibu.

"Miaka yote hii nimeyasamehe mawe kwa sababu sikuona," alisema. "Nataka kabla sijazeeka nisamehe huku naona."