Fidia ya Mashine

"Mjomba, hiyo mashine inadai fidia ya nini?"

Aliyeuliza ni mpwa wake wa kike, wakati huo yuko darasa la nne, amepelekwa karakana siku ya likizo akashuhudie mjomba anavyokata chuma kwa mwanga. Mwaliko ulitoka kwa mjomba mwenyewe. Ukoo mzima uliijua leza, mashine hiyo ya mwanga, kabla ya kuiona, maana hakuna harusi aliyohudhuria bila ile miwani ya kijani ya kazini, kaipachika utosini kama taji, akiwaeleza hata wapishi kwamba yeye hapimi kwa rula, anapima kwa unywele uliopasuliwa. Kumbe kupima wala hakupima. Michoro na vipimo viliingizwa na dada mmoja waliyemwita Fundi Michoro. Mjomba alibonyeza kitufe, akasimama mikono kiunoni kana kwamba mwanga unatoka kifuani pake.

Siku hiyo Fundi Michoro alikuwa mgonjwa, mchoro ameuacha tayari ndani ya mashine, pete za pampu zinasubiriwa, na kiti cha msimamizi kiko wazi. Kiti hicho mjomba alikitaka mpaka ndotoni. Alishamwambia dada yake, mama wa yule mtoto, ashone kabisa gauni la sherehe.

Sasa kioo cha mashine, ambacho tajiri mwenye karakana alikuwa ametoka tu kukigeuza Kiswahili, kikauliza: FIDIA? NDIYO. HAPANA.

Mjomba akacheka kwa pua. Fidia si wanalipwa waliovunjiwa nyumba na waliokatika vidole? Vyake vilikuwa vyote. Huu mtego, akajiambia. Tajiri anatupima, anataka amjue mwenye tamaa kabla hajatoa cheo.

"Mambo ya watu wazima hayo," akamjibu mtoto, akabonyeza HAPANA kwa madaha, kama mtu anayekataa rushwa mbele ya kamera.

Leza ikatafuna bamba zima la chuma. Pete zikadondoka zinang'aa, mzee wa unywele asipime hata moja. Akazipanga mezani, akamwita tajiri.

Tajiri akaokota moja, akaivisha shafti ya pampu. Ilitakiwa ibane. Ikateremka yenyewe mpaka chini, inacheza. Ya pili, vilevile. Ya tatu akaitupa.

"Nimekuagiza pete, wewe umenitengenezea bangili?"

"Tajiri, mwanga hauna upana. Labda shafti ndiyo imekonda."

"Imekonda! Ilikuwa inaumwa?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bamba likaenda kwenye vyuma chakavu, kiti kikaenda kwa Fundi Michoro, na mjomba akakabidhiwa tupa, awe anasugua kingo za vitu vilivyokatwa na wenzake.

Nyumbani alisema ni fitina, kompyuta ile ilitumwa.

"Na gauni langu je, kaka?" dada yake akamwuliza. "Nidekie nyumba?"

Miaka ikapita, fitina ile akaisimulia mpaka ikaota ndevu. Mpwa wake alipofika kidato cha tatu akamfuata karakana, akamkuta anasugua, miwani iko palepale utosini. Akamwuliza tena lile swali la darasa la nne.

Mjomba akapuliza vumbi la chuma, asimtazame.

"Ya upana wa mwanga, mama. Unakula chuma huku na huku, kwa hiyo mashine inajisogeza kidogo kufidia. Lakini na wao si wangeandika 'upana' tu, tukaelewana?"