Nilipiga kiki two stroke yangu masaa mawili na nusu huku ng'ombe wa watu amekwama na ndama

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nikiruka herufi mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe, na hata sehemu ninazoonekana mjinga nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mtu wa mifugo, naishi maeneo ya Genkuru. Nachanja, natibu, nazalisha ng'ombe waliokwama. Wafugaji wananiita dokta ingawa nina cheti tu.

Usafiri wangu ni pikipiki ya two stroke, zile za zamani za kuchanganya petroli na oili kwenye tenki. Najua mtaniuliza kwa nini sinunui ya kisasa. Jibu ni kwamba hii ni nyepesi, ikizama kwenye tope nainyanyua peke yangu. Halafu mlio wake wafugaji wanaujua, wakiusikia kwa mbali wanaanza kukamata ng'ombe.

Sasa, klachi ikaanza kuteleza. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Nyamongo, jina nalihifadhi ingawa hastahili. Huyu bwana alikuwa anaitaka ile pikipiki siku nyingi. Kila nikienda, "Dokta niuzie, mashine hii imechoka."

Akakaa nayo siku tatu. Ya nne, jioni, akaniletea mpaka nyumbani juu ya bajaji ya mizigo, imeoshwa mpaka inang'aa.

Nikamuuliza, umeiwasha?

"Nimeiwasha dokta. Kiki moja tu."

Mvua ilikuwa inaanza kudondoka, nikaisukuma ndani. Sikuijaribu. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Asubuhi saa moja simu ikaita. Mama Bhoke, mjane, anakaa ukishavuka daraja la Mto Mara, upande wa kwenda Mugumu. Ng'ombe wake wa maziwa, mimba ya kwanza, anasukuma tangu alfajiri. Chupa imepasuka, pua ya ndama inaonekana na mguu mmoja. Mguu mwingine hauonekani.

Kwa wasiojua mifugo: hapo ule mguu wa pili umekunjika ndani. Ukifika mapema unarudisha ndama nyuma kidogo, unaunyoosha mguu, unamtoa mzima. Ukichelewa anachoka na kufia njiani.

Na huyu ndama hakuwa wa Mama Bhoke peke yake. Mama Bhoke yuko kwenye kikundi cha akina mama. Utaratibu wao ni kwamba aliyepewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza anampa mwenzake anayefuata. Aliyekuwa anafuata ni Mama Robi, mama mtu mzima, na asubuhi hiyo alikuwa ameshafika kwa Mama Bhoke kusubiri.

Nikasema nakuja, dakika arobaini nipo hapo.

Nikapiga kiki. Kimya.

Nikavuta choki, nikapiga kumi. Kimya. Na kiki yenyewe ilikuwa inanirudisha mguu kama nakanyaga mpira uliojaa upepo.

Nikafungua plagi. Imelowa petroli chapachapa. Nikaifuta, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki nikiangalia. Moto upo, tena wa bluu. Nikairudisha. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Nikasema mafuta yamezidi. Nikafunga koki ya mafuta, nikatoa plagi, nikapiga kiki ishirini ili silinda ikauke. Nikarudisha. Ikakohoa tena, ikafa.

Nikafungua kabureta palepale uani. Safi. Nikamwaga mafuta yote nikihisi yamechanganywa vibaya, nikachanganya mapya mwenyewe. Hakuna kitu.

Nikaisukuma mpaka kwenye mteremko, gia ya pili, nikaachia klachi. Tairi la nyuma likaburuzika tu kwenye tope. Nikaipandisha tena. Wakuu, kusukuma pikipiki mlimani huku simu inaita mfukoni, na unajua ni nani anapiga, siwezi kulielezea vizuri.

Nikampigia fundi.

"Umegusa kitu gani kingine zaidi ya klachi?"

"Sijagusa kitu dokta."

Nikamuuliza mara tatu. Mara tatu akasema hajagusa. Halafu akamalizia, "Si nilikwambia injini hiyo imechoka? Niuzie tu."

Saa tatu na nusu ndiyo nikakubali kuwa mashine imenishinda. Nikaita bodaboda. Alikuja ndani ya dakika tano.

Someni tena hapo. Dakika tano.

Nilifika saa nne na robo. Ng'ombe amelala ubavu, macho yamezama. Nilipomtoa yule ndama ulimi ulikuwa umeshabadilika rangi. Nilimpuliza puani, nikamsugua kwa majani makavu, nikamning'iniza kichwa chini. Alikuwa ameshakufa, na mimi nilijua, ila mikono ilikataa kuacha.

Mama Robi alikuwa amesimama pembeni.

"Ni dume au jike?"

"Jike, mama."

Mama Bhoke ndiye aliyelia. Ng'ombe wake nilimhudumia mpaka akasimama, hilo namshukuru Mungu.

Nilipanda boda kurudi nyumbani sina hamu na mtu. Pikipiki ipo palepale uani. Akapita jirani yangu Mwita, anayepasua mbao kwa msumeno wa injini. Nikamweleza.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "msumeno wangu nao ni two stroke. Kama moto upo na mafuta yanafika na haiwaki, angalia pale inapotolea pumzi."

Akaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi. "Piga kiki." Nikapiga. "Hapa hakitoki hata kiupepo."

Akakunja waya, akauingiza, akavuta. Kikatoka kitambaa cha jinzi kilichoshindiliwa ndani kabisa.

Kiki ya pili ikawaka.

Mwita akapiga makofi. Mimi nilitamani kuibamiza kwa nyundo.

Niliipanda moja kwa moja mpaka Nyamongo na kile kitambaa mfukoni. Nikamrushia fundi mezani.

"Aah dokta! Kumbe kilibaki mle? Nilikiweka wakati wa kuosha, maji yasiingie."

Akacheka. Wakuu, alicheka.

Nikamwambia, si ulisema uliiwasha?

"Ningeiwasha saa ngapi na mvua ile inakuja?"

Nikamwambia ndama wa watu amekufa.

"Sasa dokta, ndama na mimi tunahusiana wapi?"

Nilimkunja shati. Mafundi wenzake wakatuachanisha. Sijivuni, ila nikisema najuta nitakuwa nawadanganya.

Juzi nikaenda kwa Mama Robi. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Nikamweleza yote: kitambaa, fundi, uongo wake. Nilidhani atakasirika pamoja nami, twende wote kumshtaki yule mtu kijijini.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huko kwenu bodaboda hakuna?"

"Zipo mama."

"Basi," akasema. Akaendelea kupukuchua.

Ningepigwa makofi ningeumia zaidi ya pale? Sidhani.

Ndiyo maana hasira yangu imegawanyika. Nusu ni ya fundi anayesema ameiwasha na hajaiwasha, halafu mteja anahangaika, yeye anawaza kununua mashine kama chuma chakavu. Nusu nyingine ni yangu. Masaa mawili na nusu nilikuwa nashindana na chuma kwa sababu sikutaka kishinde, huku mwenye shida yuko kilomita kadhaa ananingoja.

Nilichojifunza nakiandika kama kilivyo. Pikipiki ikitoka kwa fundi, iwashe yeye akiwa amesimama hapo, hata mvua ya mawe inyeshe. Two stroke ikiwa na moto na plagi inalowa, usianze na kabureta kama mimi, weka kiganja kwenye ekzosi kwanza, ni kazi ya sekunde. Na kama kuna mtu au mnyama anakusubiri, kiki kumi zinatosha. Tafuta usafiri mwingine, mashine utaikuta.

Mafundi mliomo humu, nyie huwa mnaziba ekzosi mkiosha? Na mnakumbukaje kuzibua? Nauliza kwa dhati.

Wengine semeni lolote, hata kunitukana ruksa. Nimeshajitukana sana wiki hii, lakini nafasi bado ipo.