Siku Niliyowafungia Mlango Watu wa Mbegu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyojifungia ndani huku watu wakisubiri mbegu uani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa ngole, yaani mke mkuu wa mtemi. Ndiyo, mimi huyu unayeniona nikipepeta uwele. Usicheke.

Enzi hizo za Mwingereza watemi wetu wa Shinyanga walikuwa bado na nguvu. Baba yangu alitawala upande mmoja wa mto, mume wangu upande wa pili, na watu wao walipigana fimbo kila kiangazi wakigombea malisho. Wazee wakaona dawa ni ndoa. Mimi sikuulizwa. Moyo wa mume wangu ulikuwa kwa mwanamke mmoja wa Tinde, na siku nyingi alilala huko huko. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliniletea kanga nzuri, akanisalimu kwa heshima mbele za watu, kisha akapita mlangoni kwangu kama apitavyo mtu kando ya ghala la jirani. Miaka mitatu.

Sasa sikia kosa langu. Kila mavuno shangazi yangu alikuja kunijulia hali. Nikisikia amefika, nilivaa shanga zote, nikachinja kuku, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, shangazi! Niko salama kabisa, mtemi ananipenda." Niliogopa kwamba nikisema kweli fimbo zitarudi na lawama itakuwa yangu. Nilikuwa na kiburi pia, sikufichi. Binti wa mtemi arudi kwao kwa kukosa kupendwa? Bora nife. Ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona jasiri sana.

Kwa desturi yetu, mvua za kwanza zikinyesha, hakuna aliyepanda kabla ya kupokea mbegu zilizobarikiwa kutoka mikononi mwa mtemi na ngole wakiwa pamoja. Mwaka ule mvua zilichelewa, na zilipokuja watu walifika mapema na vikapu vyao, wengine wametembea tangu juzi. Mume wangu akatokea kwa baiskeli kutoka Tinde, amevaa shati jipya lililopigwa pasi vizuri na mkono usio wangu. Lile shati ndilo lililonishinda. Nikaingia ndani, nikatia komeo. Wazee wakabembeleza bure. Nilitaka aaibike.

Aliyekuja dirishani mwisho ni Mama Kulwa, bibi aliyetunza mbegu za ikulu tangu zamani za mtemi aliyepita. Hakubembeleza hata kidogo.

"Mume wako kakukosea, naona. Mimi si kipofu," alisema. "Na hawa walioko uani, wamekukosea nini? Udongo ukikauka, watoto wao watakula hasira zako?"

Nikalia. Nikamwambia nimechoka, sina mtu.

"Umemwambia nani kwamba umechoka?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi nani akusaidie, ng'wanone, mwanangu? Mbuzi?"

Nilijikuta nacheka huku kamasi zinanitoka. Nikanawa uso, nikafungua mlango. Niligawa mtama na uwele mpaka mikono ikauma, nikiwa nimeketi kando ya mume wangu. Mama mmoja alipokea mbegu zake kwa mikono miwili, akaniombea uzazi, na nikaona aibu kubwa kwa saa zile nilizomsimamisha juani. Mume wangu hakunikaripia. Kikapu cha mwisho kilipoondoka alisema kwa sauti ndogo, "Hata mimi sikuulizwa." Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

Kesho yake nilituma mtu kwa shangazi. Alipofika sikuvaa shanga. Nilimweleza yote, nikisubiri aniambie nivumilie. Akanishika kichwa akasema, "Miaka mitatu unanilisha kuku kwa uongo! Ungesema mwaka wa kwanza ningekuchukua siku ile ile."

Wazee wa pande zote wakakutana. Niliamini damu itamwagika. Mwanangu, kikao kilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Vijana walikuwa wameshazoea kulisha ng'ombe pamoja, hakuna aliyetaka ugomvi tena. Mume wangu mwenyewe alisema, "Mwacheni aende kwa heshima." Nilivuka mto na shangazi yangu asubuhi iliyofuata, na nilikuwa mwepesi kiasi kwamba alinisihi nipunguze mwendo. Miaka michache baadaye niliolewa na fundi seremala wa mgodini Geita, mtu niliyemchagua mwenyewe, na tulizeeka tukigombana kwa mambo madogo madogo tu.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Ukiumizwa, usimlipize asiyehusika, hata kama ndiye aliye karibu. Na anayekupenda akikuuliza hali yako, mpe jibu la kweli. Mimi niliogopa vita ambavyo havikuwepo, nikavilipia kwa miaka mitatu ya ujana wangu.

Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, na watu wa kukusikia utakaposema. Ukalale usingizi mzuri katika nyumba yoyote utakayoiita yako.