Abasi wa Pangoni na Maiti Aliyecheka

Saa tatu asubuhi, Abasi Pazi anagonga ukuta wa pango kwa fimbo yake, kisha anatega sikio. "Nawapigia popo hodi," anasema. "Nao wana heshima zao. Ukiingia kienyeji wanakunyea kofia."

Nyuma yake wamesimama wageni wa Jumapili: Wajerumani wawili, bibi mmoja mwenye kofia pana kama ungo, na karani wao wa kutafsiri. Juzi walishuka kwenye gari la moshi pale Morogoro, wakabebwa kwa machela mpaka huku milimani, juu ya Kinole.

Abasi anainua mwenge na kuwaonyesha jiwe refu lenye kitambi. "Huyu alikuwa mkusanya kodi. Aliingia kudai, na mpaka leo anangoja walipaji."

Karani anakohoa. Anawatafsiria Wajerumani kwamba jiwe hilo ni askofu anayesali. Bibi anainamisha kichwa kwa adabu.

Abasi ameifanya kazi hii tangu reli ilipofika mjini. Zamani alikuwa mchukuzi wa machela. Mabega yalipochoka, jumbe akampa fimbo, mienge na rupia tano kwa mwezi. Anasimulia kwamba kuna shimo humu ndani, kuku alitumbukia, akaja kuonekana Gairo amenenepa, anafuatwa na vifaranga. Hakuna mtu wa Gairo aliyekanusha.

Lakini liko jambo moja la pango hili ambalo Abasi halitii chumvi.

Mkewe, Mwanaheri, alizaliwa humu. Ilikuwa wakati wa vita, kijiji kizima kimejificha gizani. Mama yake alijifungua huku ameuma nguo, adui asisikie. Mtoto alipofungua kinywa kulia, bibi yake akamziba kwa kiganja.

"Kwetu mtoto hupokelewa kwa vigelegele," anasema Abasi. "Yeye alipokelewa kwa kunyamazishwa. Huniambia, 'Baba Hidaya, mimi dunia haijanikaribisha bado.'"

Siku hizi pango lina ngoma. Kila mwaka kabla ya masika, wapiga ngoma wa Kinole na vijana wa misheni wenye tarumbeta hukusanyika katika ukumbi wa ndani kabisa, watu wakajaa. Mwaka huu siku yenyewe ni leo. Mwanaheri hajawahi kuzisikia. Zilianza mwaka uleule alipoteleza na mkungu wa ndizi, akavunjika nyonga. Machela ipo, wachukuzi wapo. Mwenyewe hataki.

"Anasema kwetu anayebebwa na watu ni maiti. Akipanda yu hai, amejiitia kifo." Wamesharudi mlangoni mwa pango, na Abasi anatazama bondeni. "Leo nimemwacha jikoni, kanipa mgongo. Kila mwaka anazidi kudhoofu. Mwakani sijui."

Ngoma zinapashwa moto nje ya pango wakati kilio kinaposikika kutoka chini. Kilio cha msiba. Mwenge unamponyoka Abasi.

Machela inapanda mlima, imefunikwa shuka jeupe. Wachukuzi wake ni Wanyamwezi, watani wa Waluguru, kabila la Abasi, na wanaomboleza kwa mapafu yote. Mbele yao Mosi, nyapara wao, anajigaragaza mavumbini.

"Ole wetu! Kafa mke wa mla ndizi! Sasa nani atatunyima ugali?"

Abasi anateremka mbio. Shuka linatikisika. Maiti anacheka.

"Tuliingia kwako kuomba maji ya kunywa," Mosi anaeleza, akijikung'uta. "Nikamwambia, shemeji, kama unaogopa kubebwa kama maiti, tukuzike kabisa kwa utani. Kifo kikija kitakuta kazi imekwisha, kitarudi zake."

Lakini mtani haziki bure. Machela inalazwa mlangoni mwa pango.

"Jogoo!" anadai Mosi. "La sivyo anaoza hapahapa."

"Mwizi wewe, uliyelelewa na mizigo! Jogoo mwenyewe ninaye mmoja!" Abasi anafoka, huku anafuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Mpe, Baba Hidaya," inasema sauti chini ya shuka. "Maiti anaumwa mgongo."

Jogoo anaahidiwa. Maiti anaingizwa.

Ngoma zinapoanza ukumbini, mlio hauji masikioni, unapanda kutoka kwenye nyayo. Tarumbeta zinajibizana na kuta. Mwanaheri amelala chali, macho juu gizani, mkono wake umeshika pindo la kanzu ya mumewe.

Ngoma zinatua. Katika kimya kile Abasi anapiga kigelegele. Wanaume hawapigi vigelegele, na chake kinatoka kama mbuzi aliyekabwa. Wanawake wa Kinole wanaangua kicheko, kisha wanakipokea, huyu na yule, mpaka pango zima linalia na popo wanatoka bila kuaga.

Mwanaheri naye analia, kwa sauti kubwa. Hakuna anayemziba mdomo.

Nje, Mosi anatangaza kwamba mwakani watafanya arobaini ya marehemu, na arobaini ni mbuzi. Abasi habishi. Masika yakiisha atachimba njia ya mlangoni ipanuke, machela ipite bila kuinama. Mbuzi naye atapatikana, anasema. Anachomwomba Mungu ni kwamba maiti wake aendelee kufa hivihivi, kila mwaka.